Faragha yako imo kwenye simu za wenzako

Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, Tanga, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, imejengwa kwa kujua nani afike wapi. Barazani anakaa yeyote: muuza kahawa, wacheza bao, mpita njia aliyechoka na jua. Ukumbini huingii mpaka hodi iitikiwe, na ukipiga hodi tatu kimya, unarudi zako. Uani kuna jiko, kamba za nguo na mazungumzo ya wanawake, na mwanamume mgeni hajipeleki huko. Nyuma ya pazia la chumba ni pa wenyewe. Jambo lilelile likisemwa uani lina wasikilizaji wake. Likisemwa barazani, limekuwa la mtaa.

Kwenye simu kuta hizo hazipo. Mama mkwe, mteja wa vitenge, ustadhi wa madrasa, dereva wa bajaji aliyekubeba mara moja kutoka stendi ya Kange na shoga yako wa utotoni wanaona stetasi ileile kwa saa ileile. Watu wakiambiwa walinde faragha, wengi hufikiria nywila na kufuli ya skrini. Kufuli inahitajika, na hatua zake ziko hapa chini. Lakini sehemu kubwa ya mambo yako haimo kwenye simu yako. Imo kwenye simu za watu waliohifadhi namba yako, waliokupiga picha arusini, waliokuweka kwenye grupu la michango. Mtu anaweza kufunga simu yake kwa kufuli saba, na mambo yake yakatoka kwa wifi yake.

Daftari la namba ni la watu wengi

Programu mpya inapowekwa kwenye simu, mara nyingi huuliza kama unairuhusu kusoma namba ulizohifadhi. Ukiwa na majina 400 humo, kidole chako kimoja kimejibu kwa niaba ya watu 400 ambao hawakuulizwa. Na haziendi namba peke yake, linakwenda na jina ulilolipa kila namba: "Fundi Bomba Mabawa", "Dokta wa Sukari", "Mama Mkopo". Baadhi ya programu za kutambua anayepiga simu zinategemea mkusanyiko wa namna hii, ndiyo maana mtu usiyemjua anaweza kuona jina ambalo hukujipa mwenyewe. Mgonjwa aliyehifadhiwa na jamaa yake kwa jina la ugonjwa wake ameshatolewa siri, na aliyemtoa hana habari.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana mwaka 2018 katika kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyotumia taarifa za watu kwenye kampeni za kisiasa. Watu wapatao 270,000 walijibu maswali ya kupima tabia kupitia programu iliyounganishwa na Facebook. Programu hiyo ikachukua taarifa zao na za marafiki zao, hata idadi ikafikia watu hadi milioni 87. Piga hesabu: kila aliyejibu alibeba wengine zaidi ya 300. Mwaka uliofuata mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Kisha Aprili 2021 namba za simu na taarifa nyingine za watumiaji milioni 533 wa Facebook, kutoka nchi 106, zilikutwa zimewekwa hadharani. Zilikuwa zimekombwa mwaka 2019 kupitia njia iliyowekwa ili watu watafute marafiki kwa namba za simu. Namba ni kitu kidogo kukitaja, lakini haibadilishwi kirahisi kama nywila. Wengi wetu tumekaa na namba moja miaka kumi, na ndiyo inayofungua WhatsApp, pesa za simu na barua pepe.

Hapa kwetu daftari la namba limeumiza zaidi kwenye mikopo ya mtandaoni. Mkopaji anaharakisha, anabonyeza "kubali" mara nne mfululizo, anapata pesa. Akichelewa siku chache, ujumbe unaanza kwenda kwa bosi wake, kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mtoto: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Watu hao hawakudhamini chochote. Walikuwemo tu kwenye daftari. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo kabla ya kukopa angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Kuondoa ruhusa kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, ingia Programu, chagua programu husika, ingia Ruhusa, kisha kwenye namba zilizohifadhiwa bonyeza "usiruhusu". Pita hivyo kwenye kila programu uliyonayo. Ni kazi ya nusu saa. Tochi, kikokotoo na mchezo wa karata hazina haja na majina ya ndugu zako. Ila fahamu kikomo chake: kuondoa ruhusa kunazuia kuanzia leo. Kilichokwisha kupakiwa hakirudi, kama maji yaliyomwagika.

Ukumbi wa wanawake

Hakuna mahali mwambao huu unapoumizwa na kamera ya simu kama kwenye shughuli za wanawake. Ndani ya ukumbi hakuna mwanamume. Baibui zimetundikwa, nywele zimetengenezwa, magauni ni ya ndani, watu wanacheza mpaka jasho linatoka. Ruhusa ya kuwa hivyo inatokana na makubaliano ya wote waliomo kwamba kinachoonekana humo kinabaki humo. Kipande cha video cha sekunde 30 kikivunja makubaliano hayo, aliyerekodi hajamwonyesha bibi harusi peke yake. Nyuma yake wako wanawake kumi ambao hawakujua kamera ilikuwa inawaelekea, na mmojawapo ana mume ambaye kesho asubuhi ataletewa video hiyo na rafiki yake.

Familia nyingi sasa zinapiga marufuku simu, na marufuku nyingi zinashindikana kwa sababu zinatangazwa mlangoni. Mgeni aliyekwisha kushuka kwenye bajaji na zawadi mkononi hawezi kuiacha simu yenye pesa zake kwa mtu asiyemjua bila maneno. Iandike kwenye kadi ya mwaliko, na isemwe tena kwenye kesha au siku ya singo, ili anayetaka aiache simu nyumbani. Mlangoni tumia bahasha za kaki: simu inazimwa, inaingia, bahasha inaandikwa namba, na mgeni anapewa kipande chenye namba hiyohiyo. Kwa wageni 200 weka angalau watu wanne kwenye kazi hiyo, maana baada ya isha wote hufika kwa mkupuo, na foleni ikirefuka wasimamizi huanza kuwapitisha watu wenye sura kubwa. Wakipitishwa watatu, utaratibu umekufa.

Njia nyepesi ni kibandiko cha rangi kali juu ya kamera zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Mtu anabaki na simu yake, na anayebandua anaonekana. Ni dhaifu kuliko bahasha, ila inafaa kwa shughuli ya watu 40 nyumbani.

Kuna matundu matatu yanayosahauliwa. La kwanza ni mpiga video mwenyewe. Mmemtafuta mwanamke, vizuri. Je, anayehariri video ni nani? Mara nyingi ni kijana wa studio, na picha zote ghafi zinapita mikononi mwake. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya awali: nani atahariri, kadi za kumbukumbu ni ngapi na zitakabidhiwa kwa nani usiku uleule, na kwamba studio haitatumia kipande chochote kujitangaza. Tundu la pili ni mshereheshaji au mpiga muziki anayerusha moja kwa moja TikTok kwa ajili ya kazi yake. La tatu ni kamera za ulinzi za ukumbi. Ulizeni ziko wapi na zinarekodi wapi, na ombeni zile za ndani zifunikwe.

Video ikishatoka, kosa kubwa ni kuirusha kwenye magrupu mengine ukiuliza "nani kamrekodi huyu?" Huo nao ni usambazaji. WhatsApp inamruhusu mtu kutuma ujumbe wa kusambazwa kwa mazungumzo hadi matano kwa mkupuo. Watano wakifanya hivyohivyo wamefika 25, kisha 125, kisha 625. Ujumbe uliokwisha kupitia mikono mitano au zaidi huwekewa mishale miwili, na kutoka hapo unaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja, lakini mazungumzo hayo yanaweza kuwa grupu la watu hadi 1,024. Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo zenye faida. Mpigie simu aliyetuma, usimwandikie. Mwambie aufute kwa kila mtu, jambo analoweza kufanya ndani ya siku mbili na saa kadhaa tangu alipoutuma. Mtafute admini wa kila grupu, maana yeye anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Kopi zilizokwisha kuingia kwenye albamu za picha za watu zinaweza kubaki, kwa hiyo mmoja mmoja aombwe kwa lugha ya kiungwana. Dada mtu mzima akiomba kwa heshima anapata zaidi kuliko kaka anayetishia polisi.

Grupu la michango

Kamati ya harusi inafungua grupu, inaingiza watu 180, na kila asubuhi mhazini anabandika orodha: jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, kilichobaki. Nia yake ni uwazi, na uwazi kwenye pesa za watu ni jambo jema. Ila tazama alichokiweka mezani. Kila mwanachama anaona namba ya mwenzake. Orodha inasema nani ana uwezo wa laki mbili na nani ameshindwa kumalizia elfu ishirini. Jina la mhazini linajulikana, tarehe ya harusi inajulikana. Na ukiiweka namba yoyote kwenye huduma ya kutuma pesa, jina la usajili hujitokeza kabla hujathibitisha.

Tapeli aliyemo humo, au aliyepewa picha ya skrini, hahitaji ujuzi wa kompyuta. Anatafuta wenye salio kubwa la ahadi na kuwaandikia faraghani: "Shikamoo mama, ule mchango wa mwanetu tuma kwenye namba hii, ile ya mhazini imejaa." Anajua jina, kiasi na siku. Ule ujumbe wa zamani wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ulirushwa gizani kwa maelfu ya watu wasiojulikana, na bado ulinasa. Huu unakwenda kwa mtu mmoja na maelezo yake yote ni ya kweli isipokuwa namba.

Kamati inaweza kuziba hili bila kuua grupu. Orodha yenye kiasi ikae na wajumbe watano wa kamati. Kwenye grupu yaandikwe majina ya waliopokewa bila kiasi, na jumla ya siku. Namba ya kupokea pesa itangazwe mara moja, ibandikwe juu ya grupu, na isemwe wazi kwamba haitabadilishwa. Grupu liwekwe wanaotuma ujumbe wawe maadmini tu. Njia bora zaidi ni orodha ya kutangaza, ambayo inachukua hadi watu 256: kila mmoja anapokea ujumbe kama umetumwa kwake peke yake, na hakuna anayeona namba ya mwingine. Kasoro yake ni kwamba asiyeihifadhi namba ya mtumaji hapati kitu, na hapo ndipo kamati husikia lawama za "mimi sikuambiwa". Kadi ya mchango iandikwe: hifadhi namba hii.

Kwa upande wako, ingia Mipangilio ya WhatsApp, Faragha, Makundi, uchague kwamba walio kwenye namba zako tu ndio wakuingize kwenye grupu. Wengine watalazimika kukutumia mwaliko kwanza, nao ni hodi. Ujumbe wa utapeli ukikufikia kwa njia ya kawaida ya simu, utume kwenda 15040, namba iliyotengwa nchini kwa kazi hiyo.

Stetasi si kanga

Wanawake wa Pwani wamesema na mahasimu wao kwa kanga kwa vizazi. Kanga ina jina lake karibu na pindo la chini, mwenye kuambiwa anaelewa, na akija kuuliza anajibiwa: nimependa rangi tu. Fumbo lilimlinda msemaji na mwambiwa pia, maana ugomvi haukuwa na ushahidi, na kanga ikifuliwa na kukunjwa maneno yanapoa.

Kijembe cha stetasi kina saa na dakika. Kina orodha ya waliotazama. Kinaweza kupigwa picha ya skrini na kumfikia mlengwa kikiwa na maoni ya watu wengine juu yake. Hufutika baada ya saa 24 kwa mwandishi, si kwa aliyekihifadhi. Anayedhani anavaa kanga kumbe anaandika barua na kuisaini.

Jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui: stetasi huonwa na mtu ambaye nyinyi wawili mmehifadhiana namba. Mfanyabiashara anayehifadhi kila mteja wa dagaa au sabuni anajenga hadhira bila kukusudia, na picha ya mwanawe mgonjwa inakwenda kwa watu 300 walionunua sabuni. Kwenye Faragha ya stetasi kuna chaguo la kuwaondoa baadhi, na la kuwachagua wachache tu. Kwa anayeuza kila siku, dawa hasa ni laini ya pili yenye WhatsApp Business, ambayo ni programu tofauti isiyolipiwa na hukaa kwenye simu ileile pamoja na ile ya kawaida. Biashara ibaki barazani, familia ibaki uani.

Kuhusu ndoa, tiki zinastahili maelezo kwa sababu zimeleta kesi nyingi mbele ya wazee. Tiki moja ya kijivu: ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu: umefika kwenye kifaa chake. Mbili za bluu: umefunguliwa. Neno "mtandaoni" maana yake programu iko wazi na ina intaneti, basi. Halisemi anaongea na nani, wala kwamba anaongea. Simu iliyoshikwa na mtoto anayetazama stetasi za shangazi zake inaonyesha "mtandaoni" saa tano usiku. Tiki za bluu zinaweza kuzimwa kwenye Faragha, ila ukizizima nawe huoni za wenzako, na kwenye magrupu haziathiriki.

Watoto, wagonjwa na misiba

Picha ya mtoto mwenye sweta lenye jina la shule, mbele ya nyumba yenye kibao cha barabara, imeshaeleza anasoma wapi na analala wapi. Tanga ni rahisi zaidi kwa sababu barabara za Ngamiani zina namba na zimenyooka: "Barabara ya 12" na bango la duka pembeni vinatosha. Zaidi ya kinachoonekana, picha nyingi za simu hubeba ndani yake tarehe na, kama eneo liliwashwa kwenye kamera, alama za mahali hasa ilipopigwa. WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kama picha. Ikitumwa kama hati ili isipoteze ubora, zinakwenda nayo. Zima eneo ndani ya mipangilio ya kamera.

Mgonjwa aliyelala wodini hawezi kukubali wala kukataa kupigwa picha, kwa hiyo jibu ni hapana mpaka azinduke. Na kwenye ajali au msiba, ngoja. Kwetu habari ya kifo ilibebwa na watu wazima wawili watatu, wakaketi, wakaanza mbali. Mtoto aliyeko chuoni kumkuta baba yake kwenye picha ya grupu kabla mtu wa nyumbani hajampigia ni jeraha ambalo halikuhitajika. Kabla ya kuandika jina la marehemu, mpigie mtu wa familia umuulize swali moja: wa mbali wameambiwa?

Kufuli zenyewe

WhatsApp hufumba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu mwaka 2016, kwa hiyo kampuni haiusomi ukiwa njiani. Kinachobaki wazi kwa kampuni ni nani anawasiliana na nani, lini na mara ngapi. Na akaunti nzima inasimama juu ya tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi. Mwizi anaandika namba yako kwenye simu yake, tarakimu zinakuja kwako, kisha anakupigia akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu au mwanagrupu "aliyekosea kutuma tarakimu". Ukizisoma, akaunti imehamia kwake, na dakika kumi baadaye anakopa kwa ndugu zako kwa jina lako.

Kinga ni uthibitishaji wa hatua mbili: Mipangilio, Akaunti, kisha weka namba ya siri ya tarakimu sita uliyoichagua mwenyewe. Usitumie tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo kila aliyeiona fomu yako anaijua tarehe hiyo. Weka na barua pepe unayoifungua, kwa sababu ukisahau namba ya siri bila barua pepe utangoja siku saba.

Akaunti ikishaibwa, usikae kulaumu. Fungua WhatsApp, andika namba yako, omba tarakimu upya na uziingize. Hapohapo mwizi anatolewa. Akiwa ameweka namba yake ya siri utangoja zile siku saba, lakini yeye hayumo tena. Wakati unangoja, piga simu za sauti kwa watu watatu wa magrupu makubwa wawaonye wengine.

Mpelelezi wa karibu hahitaji tarakimu. Anachukua simu ukiwa unaoga, anaiunganisha na kompyuta au simu nyingine, na kuanzia hapo anasoma kila kitu. Fungua "Vifaa vilivyounganishwa" mara moja kwa wiki. WhatsApp inaruhusu hadi vinne, na usichokitambua kitoe. Nakala za akiba nazo hazifumbwi mpaka uwashe mwenyewe kwenye Mazungumzo, Nakala za akiba. Nywila yake iandike kwenye karatasi uifungie kabatini, maana ikipotea hakuna atakayeifungua nakala hiyo.

Picha za utupu zinahitaji maneno ya wazi. Kipengele cha kutazama mara moja kinazuia picha ya skrini, lakini hakizuii simu ya pili kuipiga picha ya kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawabana wanaochapisha picha za ngono na wanaonyanyasa watu mtandaoni, na anayesambaza kwenye grupu naye anachapisha. Ukitishiwa kwamba picha zitatolewa, usilipe, kwani malipo ya kwanza huleta dai la pili. Hifadhi mazungumzo yote na namba, usifute kitu, nenda polisi na mtu mzima unayemwamini. Kwa mwenye miaka 18 au zaidi kuna huduma ya StopNCII.org: inatengeneza alama ya kipekee ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok ikiwemo, huizuia ikipakiwa. Kwa aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18 ipo Take It Down, inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Ibara ya 16 ya Katiba inatambua heshima ya maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Tangu Mei 1, 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hiyo inawagusa wanaokusanya taarifa katika shughuli zao: shule, zahanati, hoteli, studio, wakopeshaji. Una haki ya kuuliza wana nini juu yako, kudai kisicho sahihi kirekebishwe, na kukataa kutumiwa kwa matangazo. Anza kwa barua kwao, ubaki na nakala yenye tarehe. Wasipojibu, peleka lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Yamebaki mambo ya fundi na ya laini. Simu ikivunjika kioo, fundi anahitaji kuigusa skrini kuona kama inafanya kazi, hahitaji albamu yako. Toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kumkabidhi, na usimpe namba ya siri. Kama lazima ajaribu kitu, kaa barazani kwake umfungulie mwenyewe. Simu unayoiuza, itoe kwanza kwenye akaunti ya Google, ndipo uifute yote kutoka kwenye mipangilio. Laini unayoiacha, tumia kwanza "Badilisha namba" ndani ya WhatsApp, kisha pita kwenye barua pepe, benki na Facebook uondoe namba ya zamani, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hugawiwa mtu mwingine, na tarakimu zako zitaanza kumfikia yeye. Halafu piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, huenda siku moja kwa wakala uliambiwa kidole hakijasoma, ukakirudia. Nenda dukani kwa kampuni husika na kitambulisho chako, ifutwe ukiwa umesimama hapo.